Mimi Ndiye Niliyemvumbua Rivasi

Jumatatu, 4 Machi

Nimenunua daftari. Siku si nyingi watu watagombana nani alimvumbua yule msichana, na mimi nataka kuwa na maandishi. Kwa hiyo naandika mapema, nikiwa na akili zangu timamu, ndani ya gari la shule ya udereva, nikimsubiri mwanafunzi wa saa nne ambaye kachelewa tena. Mimi ndiye niliyemvumbua.

Ilikuwa hivi. Miezi minane iliyopita aliingia garini binti wa kiwanda cha mikate. Kazi yake kufunga mikate kwenye mifuko, siku nzima amesimama. Bosi wake alimwahidi kwamba akipata leseni atapewa gari la kusambaza. Gia ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Kona, safi. Siku ya tatu nikamwambia aweke rivasi. Akaweka, akageuza shingo, akanitupia jicho mimi kwanza, kisha akaanza kuimba.

Si kuimba kwa kupitisha muda. Muziki wa soul! Ile ya kizamani, inayoanzia chini ya mbavu, unajikuta unalia na hujui unalilia nini. Nilisahau kabisa kwamba upande wangu kuna breki. Tuliingia kinyumenyume kwenye ua wa duka la rangi.

Tangu siku hiyo namwita Rivasi, na mwenyewe hajakataa. Akienda mbele, kimya. Akirudi nyuma, anaimba. Nikajumlisha, nikapata jibu: msichana anaogopa kurudi nyuma, na hofu ikimbana inatokea kama sauti. Nimefundisha udereva miaka kumi na tisa, hofu naijua vizuri. Hofu ya wengine, namaanisha. Mimi mguu hunitetemeka kidogo kwa sababu ya baridi ya asubuhi.

Nikamrekodi kwa simu niliyoificha chini ya kiti. Nikamjazia fomu ya shindano la uimbaji la runinga bila kumwambia. Alipopigiwa simu alininunia siku mbili, ya tatu akaenda. Leo kafika nusu fainali, waimbaji wamebaki wanne. Kazi ya nani hiyo? Mwanafunzi wa saa nne ndiye huyo anakuja, anakimbia, kavaa kandambili tena.

Jumanne, 5 Machi

Nimeamka vizuri. Runinga ikaniharibia siku.

Kipindi cha asubuhi. Nani kakaa kwenye kochi, mguu juu ya mguu, tai nyekundu? Mwalimu wa Kwaya wa kanisani kwetu. Eti alimgundua Rivasi akiwa na miaka tisa, safu ya mbele, wa pili kutoka kushoto. Eti alikiona kipaji kwa jicho la ndani. Jicho la ndani! Mtu huyu ana miwani mbili, ya kusomea na ya kuonea, na wiki iliyopita alinikanyaga kwenye foleni ya dukani na kuomba radhi kwa mama aliyekuwa nyuma yangu.

Halafu mtangazaji akatoa habari iliyonifanya niache kutafuna. Kwenye fainali kila mwimbaji atamtaja mtu mmoja aliyemvumbua. Mtu huyo atakaa kiti cha mbele kabisa, kamera ikimwelekea, nchi nzima ikimwona. Kiti ni kimoja.

Mke wangu akaniuliza mbona nimeshika kijiko hewani. Nikamjibu kwamba nawaza. Akasema kila nikiwaza hivyo yeye huanza kujiandaa kuwaomba majirani msamaha.

Jumatano, 6 Machi

Nimempeleka Rivasi kwenye mazoezi. Mlangoni nikajiandikisha kama dereva wa msanii. Wakanipeleka chumba cha madereva, kina benchi moja, birika la chai na spika ndogo ukutani. Nikasikiliza kupitia hiyo spika.

Jamani. Sauti ilikuwepo. Kila noti mahali pake. Lakini ilikuwa imepoa, kama chai iliyosahaulika dirishani. Madereva wenzangu waliendelea kucheza karata. Raundi zote zilizopita, zilizofanyika kwenye ukumbi wa shule, watu wazima walikuwa wanajifuta machozi kwa mikono ya mashati, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake pale pale, nikaona kwa macho yangu.

Mpiga kinanda kakuna kichwa. Dada mratibu, yule anayetembea na orodha kifuani, akaja kuniambia kwa upole kwamba kuna kitu Rivasi alikuwa nacho na leo hakuja nacho. Akauliza kama anaumwa.

Haumwi. Nimeliwazia tatizo hili mchana kutwa na nimelipatia ufumbuzi. Jukwaa la ule ukumbi wa shule lilikuwa bovu, mbao zinacheza, kwa hiyo aliogopa. Hili la runinga ni imara mno. Haogopi kitu. Sauti itatoka wapi? Lazima aogope. Na anachoogopa mimi nakijua.

Jumamosi, 9 Machi

Ushindi! Mikono bado inanitetemeka, kwa furaha.

Alhamisi yote na Ijumaa yote nilimng'ang'ania mratibu mpaka akakubali, ili tu niondoke mbele ya macho yake. Mpango: Rivasi aingie jukwaani kinyumenyume. Hatua kumi na mbili, bila kugeuka. Na kwa kuwa hawezi kuona aendako, lazima awepo mtu pembeni, nyuma ya pazia, amwelekeze kwa mikono kama tunavyoelekeza lori. Mtu mwenye ujuzi. Nikawaambia yupo.

Basi leo jioni taa zikazimwa, zikawashwa, na Rivasi akaanza kurudi. Ananiangalia mimi, kaupa ukumbi kisogo. Mimi naashiria: rudi, rudi, kushoto kidogo, rudi. Hatua ya saba nikagundua sikupima sawasawa. Nyuma yake kulikuwa na ngoma za mpiga ngoma wa bendi, na kulia kwake ukingo wa jukwaa, mita nzima kwenda chini. Kijasho chembamba. Nikajikuta nimeshika pazia kwa mikono miwili, na mikono ndiyo ilikuwa ya kuelekezea.

Rivasi akasimama hapo hapo. Akanitazama usoni. Akaanza kuimba kabla bendi haijaanza.

Ubeti mzima aliniimbia mimi na pazia. Mpiga ngoma akaacha fimbo zake mapajani. Alipogeuka kuwakabili watu, ukumbi ulikuwa umesimama, na jaji mmoja alikuwa ameficha uso nyuma ya karatasi ya alama. Kafika fainali. Wamebaki wawili.

Nilimwambia baadaye kwamba hofu yake imemfikisha mbali. Akanikazia macho, akaniuliza kama nimekunywa maji.

Jumapili, 10 Machi

Mtaa mzima unatembea kinyumenyume. Watoto, sawa, hao hawahitaji sababu. Lakini fundi viatu naye nimemwona anarudi kinyumenyume kutoka msalani, uso umemkunjuka. Muuza magazeti kagongana na muuza magazeti. Mama mmoja alinisimamisha barabarani akaniuliza kama mimi ndiye yule bwana wa mikono. Nikamwambia ndiye. Akanishika mkono akasema bintiye hajacheka tangu mitihani, na jana alicheka na kulia kwa pamoja. Nilikwenda hatua chache, nikasimama kidogo karibu na nguzo ya umeme. Vumbi liliniingia machoni.

Furaha yangu ilidumu mpaka saa tano. Kwaya imeingia kanisani kinyumenyume! Safu zote tatu, majoho yanaburuta, na mbele yao, yaani nyuma yao, Mwalimu wa Kwaya anawaelekeza kwa mikono. Mikono yangu! Baada ya ibada alikuwa anawaambia watu kwamba hilo ni zoezi lake la siku nyingi. Nilimpita bila kumsalimu. Hakuniona, alikuwa na miwani ya kusomea.

Jumatatu, 11 Machi

Balaa.

Rivasi kaja kwenye somo na barua ya bosi wake. Nafasi ya dereva wa mikate inajazwa Ijumaa. Mtihani wa leseni ni Alhamisi. Kila kitu chake kiko tayari isipokuwa fomu ya mtihani, ambayo mwalimu wake lazima asaini kuthibitisha kwamba mwanafunzi ameiva.

Nikamwuliza mikate ya nini tena, mtu yuko fainali. Akasema runinga inakwisha Jumamosi, mikate inaokwa kila siku. Akishinda, atajiendesha mwenyewe kwenda kwenye matamasha. Akishindwa, atasambaza mikate. Kwa vyovyote vile amechoka kusimama na kufunga mifuko, magoti yanamuuma, na mama yake anamtegemea yeye. Alisema hayo taratibu, mikono juu ya usukani, macho barabarani, kama nilivyomfundisha.

Sasa niandike ukweli, daftari ni langu. Fomu ninayo. Ninayo tangu mwezi wa kumi na mbili. Iko kwenye kisanduku cha dashibodi, chini ya kitabu cha alama za barabarani. Msichana ameiva tangu wakati huo. Lakini akipata leseni, hofu ya kurudi nyuma itakwisha. Hofu ikiisha, sauti imekwisha. Nchi nzima itapoteza sauti ile kwa sababu ya saini yangu! Nimebeba mzigo huu peke yangu miezi mitatu.

Nikamwambia fomu bado iko ofisini. Akasema sawa, Mwalimu. Ile sawa imenikaa vibaya.

Jumanne, 12 Machi

Kapiga chafya. Katafuta kitambaa. Kafungua kisanduku cha dashibodi.

Ningeweza kusema mengi kuhusu watu wanaofungua visanduku bila kubisha hodi. Sisemi. Aliinua kitabu cha alama, akaiona fomu, jina lake, tarehe ya Desemba, na pale pa saini patupu. Akaisoma mara mbili. Nikaanza kumweleza nadharia ya hofu.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepumua. Aliniuliza tu kama nimekuwa nayo siku zote hizi anazosimama kiwandani. Nikasema ndiyo. Akazima gari, akavuta breki ya mkono, akawasha taa za tahadhari kwa sababu tulikuwa tumesimama pabaya, akashuka, akaenda zake kwa miguu. Hata kwa hasira alifuata utaratibu. Mwanafunzi bora niliyewahi kuwa naye.

Nyumbani nilimweleza mke wangu nikitegemea pole. Akaweka chini kisu cha vitunguu. Akasema nimemfungia mtoto wa watu mlango halafu nikasimama nje kuusifu wimbo anaouimba akiwa ndani. Akarudi kwenye vitunguu. Nimeona aibu. Naandika hivyo hivyo: nimeona aibu, na sahani nimeirudisha jikoni ilivyokuja.

Jumatano, 13 Machi

Nimesaini. Nikaipeleka mwenyewe kiwandani saa moja asubuhi.

Wafungaji mikate wako kwenye meza ndefu, kofia za nyavu vichwani, mikono inakwenda mbio kuliko macho yangu. Mkate, mfuko, kibanio. Mkate, mfuko, kibanio. Nilisimama mlangoni na karatasi yangu mpaka wote wakanyamaza. Nikamwomba msamaha mbele yao. Sikupanga kusema mbele yao, lakini mashine ya kukatia ilizimwa ghafla na sauti yangu ikabaki peke yake.

Rivasi akaisoma saini, akaikunja fomu, akaitia mfukoni. Akanipa mkate wa moto. Akasema Alhamisi saa mbili, nisichelewe. Nilitembea kwenda nyumbani nikila mkate mtupu njiani, mtu mzima na mvi zangu, roho nyeupe.

Nimetubu kabisa. Mipango nimeacha.

Kuna jambo dogo tu la koni, ambalo haliwezi kuitwa mpango.

Alhamisi, 14 Machi

Koni. Uwanja wa mtihani una koni sita za plastiki. Mwanafunzi anarudi nyuma na kuegesha katikati yake. Mimi nilifikiri hivi: leseni apate, lakini ahofu kidogo. Nikisogeza koni ndani hatua moja kila upande, atapita kwa shida, hofu itabaki, sauti itabaki, mikate itasambazwa. Kila mtu anafaidika. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa pale nikisogeza koni kwa mguu, huku napiga mluzi.

Saa mbili kasoro akafika mtahini. Mwanamke mfupi, viatu vya ngozi, hana maneno. Akazitazama koni. Akatoa utepe wa kupimia mfukoni. Nani anatembea na utepe wa kupimia? Akauliza nani kazigusa. Wanafunzi wote tisa wakanitazama mimi.

Nikasema nadhani ziko sawa. Akasema kama ziko sawa, niegeshe mimi. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikaingia garini, nikaweka rivasi, mguu ukaanza ile baridi yake, na nikaangusha koni tatu. Ya tatu nikaiburuta. Ndipo nikawaona watu wa runinga kwenye uzio, kamera begani. Walikuwa wamekuja kupiga picha za maisha ya Rivasi kwa ajili ya fainali. Mwalimu wa Kwaya alikuwa pembeni yao, na siku hiyo alikuwa amevaa miwani sahihi.

Koni zikarudishwa. Zamu ya Rivasi, mtahini kando yake, madirisha wazi. Nilishika uzio. Akaweka rivasi, akageuza shingo, akarudi taratibu, katikati kabisa, akasimama. Kapita! Mtahini kampa mkono. Nikaruka, nikamkumbatia mtu, nikakuta ni Mwalimu wa Kwaya, tukaachiana.

Ndipo likanijia jambo. Hakuimba. Alirudi nyuma mwanzo mpaka mwisho, kimya. Hata kuguna.

Sauti imekwisha. Nimeisaini mwenyewe.

Ijumaa, 15 Machi

Mratibu kapiga simu. Rivasi kanitaja mimi. Kiti cha mbele ni changu.

Wiki iliyopita ningepanda juu ya paa. Leo nilisema asante, nikakaa kitandani. Nitakaa kiti cha mbele kuangalia msichana asiye na sauti akiaibika mbele ya nchi nzima, na kamera itanionyesha mimi kama mvumbuzi. Mke wangu kaninyooshea shati. Kaniuliza kama ninaogopa. Nimesema mimi siogopi. Kaitazama miguu yangu chini ya meza.

Kiwandani wameshampa Rivasi funguo za gari la mikate. Angalau hilo.

Jumamosi, 16 Machi

Nitaandika kwa mpangilio, ingawa kichwa kinanizunguka.

Saa kumi na mbili jioni nimekaa. Kiti chekundu, jina langu la kazi kwenye karatasi: Mwalimu wa Udereva. Nyuma yangu moja kwa moja, kiti cha kawaida, Mwalimu wa Kwaya. Nilimhisi akipumua.

Mshindani akaimba kwanza. Kijana mwenye suti ya kung'aa, anaimba kama mtu anayefungua dirisha. Watu wakasimama.

Kisha filamu ya maisha ya Rivasi. Meza ya mikate. Mama yake anacheka kwa kufunika mdomo. Gari letu. Halafu, Mungu wangu, mimi. Koni ya kwanza, chini. Ya pili, chini. Ya tatu ninaiburuta, wamepunguza mwendo wa picha na kutia muziki wa huzuni. Ukumbi ukavunjika mbavu. Nikatabasamu kama vile tulikubaliana.

Rivasi akaja jukwaani akitembea mbele, kama mtu wa kawaida. Mtangazaji akamwuliza swali ambalo lilikuwa langu: mbona kwenye mtihani alirudi nyuma bila kuimba? Hofu imekwisha?

Rivasi akashika kipaza sauti. Akasema yeye hajawahi kuogopa kurudi nyuma hata siku moja. Akasema siku ile ya tatu alipoweka rivasi alimwona mwalimu wake amefumba macho, kashika mlango, goti linapiga dashibodi, jasho linamtoka. Akamwonea huruma. Mdogo wake alipokuwa mchanga na kuogopa radi, alikuwa akimbembeleza kwa kumwimbia, basi akaona ajaribu. Mwalimu akatulia. Kila akirudi nyuma mwalimu aliogopa, na kila akiogopa alimwimbia. Mtahini haogopi kitu, ndiyo maana hakuona sababu ya kuimba. Akasema soul hawezi kuiimba hewani. Anahitaji kumwona mtu mmoja mwenye hofu ya kweli, amtulize. Na katika maisha yake hajawahi kuona mwoga kama huyu hapa, ndiye aliyemvumbua, yule pale kiti chekundu.

Kamera ikaja. Nchi nzima. Watu wanacheka mpaka wanapigana mabega, na mimi nimekaa, magoti yanagongana kwa sauti, si kwa baridi, nakubali, ukumbi ulikuwa na joto. Hofu ya sauti kupotea, hofu ya kamera, hofu ya kila kitu, miaka kumi na tisa ya rivasi za watu wengine, zote zikanijia kwa pamoja.

Rivasi akanitazama. Akaanza.

Sijui niandike nini. Aliniimbia mpaka magoti yakatulia, la kushoto kwanza, la kulia likafuata. Niliacha kuona kamera. Ukumbi uliacha kucheka, sikumbuki saa ngapi. Kila mtu mle ndani alikuwa na jambo analoliogopa, nadhani, maana nilisikia pua zikivutwa kila safu. Mkono ukaja kutoka nyuma na leso. Nikaitumia, nikairudisha, Mwalimu wa Kwaya naye akaitumia.

Kashinda. Wamempa mkataba wa kurekodi na tamasha lake la kwanza ni mwezi ujao. Mama yake kapanda jukwaani na mkoba wake na kukataa kushuka. Nimefurahi. Nimefurahi mpaka nimechoka.

Jumapili, 17 Machi

Simu ya shule ya udereva haijanyamaza. Watu waoga wote wa mji wanataka mwalimu mwoga. Bibi mmoja wa miaka sabini kasema amesubiri maisha yake yote. Mkuu wa shule, aliyekuwa anifukuze kazi kwa sababu ya koni, kanipa kikombe kipya cha chai.

Rivasi kapita asubuhi na gari la mikate. Karudi nyuma mpaka mlangoni kwetu, inchi mbili kutoka kwenye ndoo ya mke wangu, bila kelele. Kaniambia kwenye kila tamasha kiti cha mbele ni changu, nikipenda. Nikamwambia kwa kifupi kwamba napenda. Mke wangu alimwuliza kama yuko tayari kunibeba mpaka uzeeni. Wakacheka wawili wakanisahau.

Jumanne, 19 Machi

Tatizo jipya, na ni kubwa.

Mwalimu wa Kwaya karudi kwenye lile kochi la asubuhi. Sasa anasema yeye ndiye mwoga wa kwanza. Eti Rivasi akiwa na miaka tisa alimwona mwalimu wake anatetemeka mbele ya umati, fimbo ya kuongozea imemdondoka, ndipo mtoto akainua sauti ili amtulize. Eti hofu yangu ni ya juzi, yake ni ya asili. Akainyoosha mikono mbele ya kamera, na kweli ilitetemeka. Rivasi kapigiwa simu hapo hapo hewani. Kasema ni kweli, mwalimu huyo aliogopa sana, na viti vya mbele vinaweza kuwa viwili.

Viwili!

Mimi naona hatari. Msichana anaweza kumtazama mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Akimtazama yeye, mimi nitatulizwa na nani? Na kibaya zaidi, tangu Jumamosi najisikia vizuri. Jana nilikaa na yule bibi wa miaka sabini akirudi nyuma kwenye kilima, na goti halikutikisika. Nikapata wasiwasi. Nikafurahi kupata wasiwasi, ukaisha.

Mke wangu kasema wiki hizi mbili lazima zimenifundisha jambo. Nimemwambia zimenifundisha mengi. Nisifiche karatasi za watu. Nisiguse koni. Nisiamulie mtu maisha yake bila kumwuliza. Kaniangalia kwa mapenzi, kaenda sokoni.

Mlango ulipofungwa nikachukua kalamu. Kuna semina ya kujiamini inafanyika ukumbi wa manispaa, siku kumi, kwa watu wanaotetemeka mbele ya umati. Wanaosimamia wanasema mtu huingia kondoo na kutoka simba. Nimeshamjazia Mwalimu wa Kwaya fomu. Jina lake, anwani yake, na pale pa saini nimejitahidi. Kesho asubuhi naipeleka. Akitoka huko hataogopa kitu, na kiti cha mbele kitabaki na mwoga mmoja, halali, mwenye uzoefu wa miaka kumi na tisa.